Kabla ya kununua turbo nyingine, tafuta kilichoua ya kwanza

Na Mwandishi Wetu

MWALIMU mmoja wa sekondari mkoani Morogoro alinunua Subaru Forester yenye turbo kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Gari lilifika kutoka Japani likiwa safi nje na ndani, viti vyake havina hata doa. Miezi mitano baadaye lilianza kutoa moshi wa buluu na mlio mwembamba kama wa filimbi kila alipokanyaga mafuta. Fundi akamwambia turbo imekufa. Ikanunuliwa nyingine ya mtumba, ikafungwa siku hiyo hiyo.

Turbo hiyo ya pili ilidumu wiki sita. Ya tatu haikumaliza mwezi, na safari hii haikufa peke yake. Injini nayo ilianza kugonga, kisha ikazima barabarani, gari likavutwa kwa kamba hadi gereji. Wakati huo mkopo ulikuwa umebakiza miaka miwili ya marejesho.

Mafundi wa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi wanakifahamu kisa cha namna hii. Hubadilika mwenye gari tu. Kosa lake kubwa halikuwa kununua gari lenye turbo, wala kununua kipuri cha mtumba. Kosa lilikuwa ni swali ambalo hakuna aliyeliuliza: ile turbo ya kwanza iliuawa na nini?

Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo. Ukweli ni kwamba turbo ni kifaa kigumu, na ikitunzwa inaweza kudumu sawa na injini yenyewe. Inapokufa mapema, mara nyingi chanzo kiko nje yake: katika oili, katika petroli, katika hewa au katika mguu wa dereva. Asiyekiondoa chanzo hicho atanunua turbo nyingine, kisha nyingine tena, na mwishowe atanunua injini.

Gari la mashindano lililoingia mitaani

Magari ya aina hii yalijipatia sifa katika ukanda wetu kupitia mashindano. Subaru Impreza ilianza kutengenezwa mwaka 1992, na mwaka 1997 Colin McRae wa Uskochi alishinda mbio za Safari Rally nchini Kenya akiwa na gari hilo. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akarudia ushindi huo, na aliyemfuata, Juha Kankkunen wa Finland, naye aliendesha Impreza. Wengi walioshuhudia magari hayo yakiruka katika vumbi la Bonde la Ufa walitamani siku moja kuwa na lao.

Tamaa hiyo ilitimizwa na soko la magari ya mitumba kutoka Japani. Impreza WRX, Forester na Legacy zenye injini ya silinda nne zilizolala ubavu, maarufu kwa jina la EJ20, ziliingia kwa wingi Tanzania, Kenya na Uganda. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita 1,994 tu, lakini kwa msaada wa turbo hutoa nguvu ambazo injini ya kawaida ya ukubwa huo haiwezi kuzifikia.

Hata hivyo, gari la mtumba linapoteremshwa bandarini huwa limekwishaishi maisha yake ya kwanza. Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yasiyozidi umri wa miaka 8, na huko Tanzania yapo mengi yenye umri mkubwa zaidi. Mnunuzi hajui oili ilibadilishwa mara ngapi, wala kama mwenye gari wa kwanza alikuwa mzee mpole au kijana mpenda mbio. Namba za kilometa kwenye dashibodi nazo zinaweza kurudishwa nyuma. Kumbukumbu za matengenezo, kama zimo, zimeandikwa kwa Kijapani.

Kwa sababu hiyo, aliyenunua gari la turbo na alichukulie kama mgonjwa asiye na cheti cha hospitali. Kabla ya kulikimbiza, abadilishe oili na filta yake, plagi, kichujio cha hewa, kichujio cha petroli na maji ya rejeta. Injini za EJ20 zina mkanda wa taiming ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Kama haijulikani ulibadilishwa lini, ubadilishwe sasa, kwa maana ukikatika vali hugongana na pistoni na injini huharibika papo hapo.

Turbo inavyofanya kazi

Wazo la turbo ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alilisajili mwaka 1905. Aliona kuwa moshi unaotoka katika injini huondoka na joto na nguvu nyingi zinazopotea bure. Akapendekeza moshi huo uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na gurudumu hilo liunganishwe kwa shafti na gurudumu jingine litakalosukuma hewa safi kuingia katika silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huungua, na nguvu huongezeka.

Ugumu uko katika shafti hiyo. Katika gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na baadhi ya turbo hukaribia mara 200,000. Upande mmoja wa shafti umo katika moshi ambao joto lake linaweza kufika nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi. Upande wa pili unavuta hewa ya kawaida ya barabarani. Katikati, shafti haikugusa chuma. Inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele.

Utando huo ndio uhai wa turbo. Ukikosekana kwa sekunde chache tu katika mwendo mkali, chuma hugusana na chuma na beringi huanza kulika. Shafti ikishapata nafasi ya kuyumba, mapanga yake hugusa ukuta wa nyumba yake na kumeguka. Vipande hivyo huvutwa kuelekea kwenye injini, na unga wa chuma kutoka kwenye beringi hurudi na oili hadi kwenye sampu.

Magari ya kwanza ya abiria yenye turbo yaliuzwa Marekani mwaka 1962. Moja kati yake, Oldsmobile Jetfire, lilihitaji kuongezwa mchanganyiko maalumu wa maji yaliyochujwa na alkoholi ili injini isigonge. Wenye magari wengi walisahau kuujaza, wakaona gari limepoteza nguvu, wakalalamika. Baada ya muda mfupi mengi ya magari hayo yaliondolewa turbo na kufungwa kabureta ya kawaida. Tangu siku za mwanzo, basi, turbo imekuwa ikimdai mwenyewe nidhamu ambayo injini nyingine hazimdai.

Oili kwanza

Injini nyingi za EJ20 zenye turbo hubeba oili ya lita 4 hadi 5 tu, na oili hiyo hiyo inalainisha krenki, inapoza pistoni na inabeba shafti ya turbo. Huchoka upesi kuliko oili ya gari la kawaida. Foleni za mjini, vumbi, safari fupi na joto huichosha zaidi, na hali hizo zote tunazo. Kwa gari la turbo katika mazingira yetu, kubadilisha oili na filta kila kilometa 5,000 si ubadhirifu. Anayelikimbiza gari au kushinda katika foleni kila siku afanye hivyo mapema zaidi.

Daraja la oili lifuate kitabu cha gari, na kwenye chombo iandikwe wazi kiwango chake. Ni vema kununua kwa muuzaji anayejulikana, kwa kuwa oili bandia ipo sokoni na haiwezi kutambuliwa kwa macho. Chombo ambacho kizibo chake kimekwishafunguliwa kisinunuliwe hata kwa nusu ya bei.

Jambo la pili ni kiasi. Injini za turbo hutumia oili kidogo kidogo hata zikiwa nzima, na taa nyekundu ya oili haiwaki kiwango kinapopungua. Huwaka shinikizo linapoanguka, na mara nyingi huwa umekwishachelewa. Hivyo kijiti cha kupimia kichomolewe angalau mara moja kwa wiki, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa kwa dakika kadhaa. Umbali wa kati ya alama ya chini na ya juu ni takriban lita 1. Gari lenye oili pungufu likiingia kona kwa kasi, oili hukimbilia upande mmoja wa sampu, na bomba la kuinyonya hubaki likinyonya hewa.

Jambo la tatu halijulikani kwa madereva wengi. Katika baadhi ya Subaru zenye turbo za miaka ya 2000, zikiwamo Legacy na Forester, ndani ya boliti inayoshikilia bomba la kupeleka oili kwenye turbo kuna wavu mdogo sana wa kuchuja uchafu. Oili isipobadilishwa kwa wakati huacha masizi magumu, na masizi hayo huziba wavu huo. Injini inaendelea kupata oili yake kama kawaida, taa haiwaki, lakini turbo inakufa kwa kiu. Kuifungua boliti hiyo na kuusafisha wavu au kuubadilisha ni kazi ndogo ambayo mwenye gari anapaswa kuidai mara tu anaponunua gari.

Mwisho ni njia ya kurudi. Oili huingia katika turbo kwa shinikizo la pampu, lakini hutoka kwa kuteremka yenyewe. Bomba la kurudia likiziba au likipindwa, oili hujaa katika turbo na kupenya kwenye eksozi, gari likafuka moshi wa buluu. Turbo nzima zimetupwa kwa kosa hili. Wakati mwingine kilichoziba bomba ni gundi ya gasketi ambayo fundi aliipaka kwa wingi akidhani anazuia kuvuja.

Haraka ya kuwasha na kuzima

Asubuhi oili huwa nzito na imeshuka yote kwenye sampu. Dereva akiwasha gari na kulikanyaga papo hapo, anazizungusha beringi kabla utando wa oili haujakaa sawa. Hakuna haja ya kuliacha linaunguruma robo saa. Yatosha kungoja nusu dakika hivi, kisha kuondoka polepole hadi mshale wa joto ufike mahali pake. Hata hapo, oili hupata joto nyuma ya maji, hivyo dakika chache zaidi za upole zinahitajika kabla ya kudai nguvu zote.

Kuzima kuna hatari yake. Chukua dereva aliyeupanda mlima Kitonga kutokea Ruaha Mbuyuni, gari limejaa abiria, turbo imefanya kazi bila kupumzika. Akifika juu na kuzima injini pale pale, pampu ya oili husimama wakati nyumba ya turbo ingali na joto kali. Oili iliyobaki ndani hukaangika na kuwa masizi. Masizi hayo hukwaruza beringi na kuziba njia, na siku nyingine wavu tuliousema hapo juu.

Dereva huyo huyo angeteremsha mwendo na kuendelea taratibu hadi Ilula kununua nyanya na vitunguu, turbo ingekuwa imekwishapoa njiani. Upole wa kilometa mbili tatu za mwisho ni bora kuliko kusimama na kungoja. Kama hapana budi kusimama baada ya mwendo mkali, injini iachwe inaunguruma kwa dakika moja au mbili. Turbo za Subaru hupozwa pia na maji, kwa hiyo baada ya safari ya kwenda sokoni na kurudi hakuna sababu ya kungoja. Magari mengi kutoka Japani huja na kifaa cha kuchelewesha kuzima injini. Kinasaidia, lakini hakizidi busara ya dereva.

Wanaoishi nyanda za juu wana la ziada. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya vivyo hivyo, na Eldoret zaidi ya mita 2,000. Hewa ya huko ni nyepesi, na turbo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kuleta msukumo ule ule. Uzembe unaovumilika Tanga unaweza usivumilike Njombe.

Petroli na mgongo wa ndani

Oili ikiua turbo, petroli mbaya huua injini yenyewe. Katika silinda, petroli inapaswa kuwashwa na plagi kwa wakati wake. Hewa iliyosukumwa na turbo ina joto na shinikizo kubwa, na petroli yenye oktani ndogo inaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati. Mlipuko huo hupiga pistoni kama nyundo. Sauti yake hufanana na kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, lakini katika mwendo mkali huenda isisikike kabisa. Kinachovunjika mara nyingi ni kingo za pistoni zinazoshikilia ringi.

Magari haya yalitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo oktani yake ni karibu 100. Ndani ya kifuniko cha tangi mara nyingi kuna kibandiko chenye maandishi ya Kijapani kinachoagiza petroli hiyo, ila huku kwetu ni wachache wawezao kukisoma. Kompyuta ya gari huisikiliza injini na kuchelewesha moto wa plagi inaposikia mgongo huo, lakini uwezo wake una kikomo. Anayemiliki gari la turbo anunue petroli yenye oktani kubwa kuliko zote zilizopo katika mji wake. Akilazimika kuweka ya kawaida, aendeshe taratibu hadi tangi litakapojazwa tena.

Uchakachuaji nao umewaumiza wengi. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli hushusha oktani. Tanzania ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba katika mafuta ili kuwabaini wachakachuaji, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Kenya ilichukua hatua ya kodi mwaka 2018. Pamoja na hatua hizo, ni busara kuwa na kituo kimoja au viwili unavyoviamini, na kutunza risiti.

Aidha, petroli nzuri haifai kitu kama haifiki. Pampu iliyochoka au kichujio kilichojaa uchafu huinyima injini petroli wakati ule ule turbo inapoleta hewa nyingi. Mchanganyiko ukikosa petroli joto hupanda kupita kiasi, na pistoni zinaweza kutoboka. Gari linalositasita katika mwendo wa kasi lisiendelee kukanyagwa kwa matumaini kwamba litatulia lenyewe.

Hewa na joto

Kichujio cha hewa kilichochanika ni hukumu ya kifo kwa turbo. Chembe ya mchanga ikigonga mapanga yanayozunguka kwa kasi tuliyoitaja, huyala kama msasa. Katika barabara za vumbi kichujio kikaguliwe kila mwezi. Vichujio vya wazi vyenye umbo la pia, vinavyopendwa kwa mvumo wake, huvuta hewa ya moto ya ndani ya boneti na vingi huchuja vibaya kuliko kile cha kiwandani.

Mabomba ya mpira yanayopitisha hewa kutoka kwenye turbo nayo huzeeka na kupasuka, au kibanio chake hulegea. Hewa ikivuja hapo, kompyuta hutoa petroli kwa hewa ambayo haikufika, gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, nayo turbo huzunguka kupita kiasi ili kufidia. Kukaza kibanio ni kazi ya dakika 5. Wapo waliouziwa turbo kwa ajili ya kibanio.

Kuhusu joto, yako mazoea mawili ya gereji zetu yanayopaswa kukomeshwa. La kwanza ni kujaza rejeta maji ya bomba, ambayo huleta kutu na kuziba njia nyembamba, zikiwamo zile za turbo. La pili ni kuondoa themostati kwa hoja kwamba nchi za joto haziihitaji. Bila kifaa hicho injini huchelewa kupata joto lake, petroli isiyoungua huteremka na kuchanganyika na oili, na oili hupoteza unene wake. Fundi anayeona gari linachemka atafute sababu, si kung'oa kipuri.

Wanaotafuta kelele

Kuna vijana wanaoyataka magari haya yapige milio kama ya bunduki kwenye eksozi. Milio hiyo ilianzia katika magari ya mashindano, ambako petroli huachwa kwa makusudi iungue ndani ya eksozi ili turbo isipunguze kasi dereva anapoachia mafuta. Huo ni moto unaowaka mlangoni mwa turbo. Timu za mashindano hulijua hilo, na ndiyo maana huja na mafundi wengi na turbo za akiba. Mtu anayekwenda kazini na gari hilo hilo hana akiba ya namna hiyo.

Kadhalika kuongeza msukumo wa turbo kwa kuichezea vali inayoudhibiti, bila kupanga upya kompyuta na bila kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, ni kucheza na injini kamari. Anayetaka nguvu zaidi aanze na pampu ya petroli, kipozeo cha hewa na fundi mwenye vipimo. Kama fedha za hayo hazipo, basi gari libaki lilivyotoka kiwandani. Lina nguvu za kutosha.

Dalili zisizopaswa kupuuzwa

Turbo haifi bila kutoa taarifa. Mlio wa filimbi au king'ora usiokuwapo jana, moshi wa buluu baada ya kuachia mafuta na kukanyaga tena, oili nyingi ndani ya mabomba ya hewa, na gari kuwa zito mlimani ni dalili za kupelekwa gereji wiki hiyo hiyo.

Fundi anaweza kuikagua turbo bila kuing'oa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, hufungua bomba la hewa na kuizungusha shafti kwa vidole. Inapaswa kuzunguka kwa wepesi. Kuyumba kidogo kwa ubavu ni kwa kawaida, lakini shafti haipaswi kuhisiwa ikienda mbele na nyuma, wala mapanga hayapaswi kugusa ukuta. Moshi wa buluu peke yake hauthibitishi kwamba turbo ni mbovu. Ringi zilizochoka na njia ya hewa ya injini iliyoziba huleta moshi huo huo, kwa hiyo mgandamizo wa silinda upimwe kwanza.

Dalili mbili hazina subira. Taa ya oili ikiwaka gari likiwa katika mwendo, au ukisikia mgongo mzito ndani ya injini unaoongezeka kadiri mzunguko unavyoongezeka, egesha na uzime mara moja. Usijaribu kufika gereji. Gharama ya kuvutwa ni ndogo kuliko ya krenki, na kilometa chache za mwisho ndizo huitenganisha injini ya kutengenezeka na chuma chakavu.

Utaratibu wa kufunga nyingine

Turbo ikishathibitika kufa, kazi ya kwanza ni uchunguzi. Filta ya oili ikatwe na kufunguliwa ili kuona kama ina chembe za chuma. Sampu ifunguliwe na kusafishwa, na bomba la kunyonyea oili likaguliwe, kwa sababu katika injini hizi huweza kupasuka kwenye maungio. Bomba la kupeleka oili na boliti yenye wavu vibadilishwe au visafishwe kabisa. Bomba la kurudia lihakikishwe kuwa wazi. Kipozeo cha hewa na mabomba yake yaoshwe, maana hubaki na oili na vipande vya mapanga. Shinikizo la oili lipimwe kwa geji, si kwa kukisia.

Turbo ya mtumba, iwe imenunuliwa Ilala jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ikaguliwe shafti na mapanga kabla ya kulipiwa. Wakati wa kuifunga zitumike gasketi, si gundi. Oili safi imiminwe ndani yake, kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka hadi shinikizo lipande. Baada ya kuwaka iachwe iungurume kwa dakika kadhaa bila kukanyagwa. Oili na filta vibadilishwe tena baada ya kilometa mia chache.

Yule mwalimu wa Morogoro alipelekewa gari lake kwa fundi mwingine, mzee asiye na maneno mengi. Kabla ya kugusa chochote alifungua boliti ya bomba la oili na kumwonyesha wavu wake. Ulikuwa umejaa masizi meusi, hata mwanga haupiti. Kisha akafungua sampu. Chini yake kulikuwa na unga wa chuma unaong'aa: mabaki ya turbo ya kwanza na ya pili, ambayo hakuna aliyeyatoa, na ambayo ndiyo yaliyozila beringi za krenki.

Masizi hayo yalikuja na gari kutoka kwa mwenyewe wa kwanza. Yangeweza kuonekana siku ya kwanza, kwa spana moja na muda usiozidi saa moja. Kwa kuwa hakuna aliyetazama, turbo tatu na injini moja vililipiwa, na mwalimu akaendelea kukatwa mshahara kwa ajili ya gari lililokuwa limeegeshwa juu ya mawe. Mwenye gari la turbo asisubiri kufika huko. Leo hii afungue boneti, achomoe kijiti cha oili, kisha amuulize fundi wake ni lini wavu ule ulitazamwa kwa mara ya mwisho.